Ngoma Isiyotaka Mtu Alale

Kati ya kilima cha Mengo na mtaa wa Ndeeba, jijini Kampala, kuna ziwa ambalo halikuumbwa pamoja na nchi. Lilichimbwa kwa majembe na mikono ya watu wa Buganda katika miaka ya 1880, kwa amri ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Mwanga wa Pili. Alitaka maji yake yaunganishwe na Ziwa Viktoria, apande mtumbwi karibu na ikulu na kushuka ziwa kuu. Mfereji haukufika. Ziwa limebaki peke yake, limezungukwa na nyumba, karakana na maduka ya mbao. Wenyeji huliita Ennyanja ya Kabaka.

Naanza na ziwa hili kwa sababu linabeba mambo mawili ambayo watu wengi hupenda kuyatenganisha. Ni ushahidi wa nguvu ya watu wanaofanya kazi pamoja: bila mashine, bila malipo, walilihamisha bonde zima. Pia ni ushahidi wa jinsi nguvu hiyo inavyoweza kuchukuliwa na mtu mmoja akaitumia mpaka ikamgeukia. Historia ya kazi ya pamoja katika Kampala haieleweki bila mambo hayo mawili.

Waganda huiita kazi hiyo bulungi bwansi. Bulungi ni wema au uzuri, nsi ni nchi. Basi ni kazi inayofanywa kwa ajili ya uzuri wa nchi. Kila jamii katika ukanda wetu ina jina lake. Tanzania tuna msaragambo, Kenya kuna harambee iliyotangazwa na Jomo Kenyatta mwaka 1963 kuwa wito wa taifa jipya, na Rwanda kuna umuganda unaofanyika kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mbali zaidi, Wafilipino wana bayanihan, na picha yake inayojulikana zaidi ni ya wanaume wa kijiji kizima wakiwa wameiinua nyumba ya mianzi mabegani kwa miti mirefu, wakiihamisha na kila kilichomo. Buganda haikuwa na nyumba ya kubebwa mabegani. Ilikuwa na barabara.

Mvumbuzi Mwingereza John Hanning Speke alipoingia Buganda mapema mwaka 1862 akitokea Karagwe, jambo mojawapo lililomshangaza lilikuwa upana na unyoofu wa barabara zake. Hakuwa peke yake katika mshangao huo. Alifuatana na watu wa pwani waliotoka naye Zanzibar, akiwamo Sidi Mubarak Bombay, watu waliokwisha kutembea mamia ya maili kwa njia za nyayo, mtu mmoja nyuma ya mwenzake, nyasi zikiwapiga usoni. Walipovuka kuingia Buddu wakajikuta kwenye njia iliyofyekwa, inayopanda vilima na kushuka mabondeni bila kupindapinda, kuelekea mji wa Kabaka Muteesa wa Kwanza uliokuwa Banda, upande wa mashariki wa Kampala ya leo.

Barabara hizo zilikuwa na wenyewe. Buganda iligawanywa katika majimbo yaitwayo masaza, na kila saza lilikuwa na chifu mwenye cheo chake: Ppookino wa Buddu, Ssekiboobo wa Kyaggwe, Mukwenda wa Ssingo, Kangaawo wa Bulemeezi, Kago wa Kyaddondo, na wengine. Kila mmoja alipaswa kutunza barabara inayotoka makao yake hadi mji mkuu. Machifu wadogo nao walitunza njia zinazoungana na ile kubwa. Penye kinamasi, na Buganda haina upungufu wa vinamasi, watu walitandaza magogo na mafunjo ili njia ipite. Hata ule uzio mrefu wa matete uliozunguka ikulu, yaani Lubiri, uligawanywa vipande, kila chifu akawa na kipande chake cha kusuka na kukarabati. Tukitazama ramani ya nchi ile, tunaona gurudumu: barabara ndizo njiti zake, ikulu ndiyo kitovu, na jasho la wanakijiji ndilo lililolifunga lisifunguke.

Wito wa kazi ulikuwa ngoma. Mdundo wake una maneno ambayo kila Muganda anayajua: Saagala agalamidde. Maana yake, sitaki mtu aliyejilaza. Ukipigwa, mtu hutoka na jembe, panga au kikapu, akaungana na wenzake kusafisha chemchemi, kufyeka njia, kuzima moto, kumtafuta aliyepotea. Kulikuwa na mlio mwingine wa hatari, Ggwanga mujje, ambao kwa Kiswahili tungesema taifa njooni. Hiyo ilikuwa ngoma ya vita na ya janga. Saagala agalamidde ilikuwa ngoma ya kila siku, na naiona kuwa kubwa kuliko ile ya vita, maana kumtoa mtu kitandani kwa ajili ya chemchemi ni kazi ngumu kuliko kumtoa kwa ajili ya adui.

Lakini tusiipambe mno enzi hiyo. Aliyekaidi ngoma aliadhibiwa. Buganda ya karne ya 19 ilikuwa dola yenye mabavu, na Kabaka alikuwa na uwezo wa kuua. Kilichomkinga mkulima wa kawaida ni haki moja ambayo wanahistoria wa Buganda huitaja mara kwa mara, nami nadhani ndiyo ufunguo wa habari yote: haki ya kuhama. Kukaa chini ya chifu kuliitwa kusenga, na kumwacha kuliitwa kusenguka. Chifu aliyewachosha watu wake aliamka asubuhi akakuta vibanda vitupu na migomba isiyo na mtu. Wamekwenda kwa mwingine. Chifu bila watu si chifu. Basi ilimbidi apige ngoma kwa kiasi, na awalishe na kuwanywesha pombe ya ndizi waliokuja. Kazi ilikuwa ya lazima, lakini pande zote mbili zilijua mpaka wake.

Mwanga aliuvuka mpaka huo. Alirithi kiti mwaka 1884 akiwa bado kijana, wakati nchi imekwisha kugawanyika katika makundi ya Waislamu, Waprotestanti, Wakatoliki na wafuasi wa dini ya jadi. Tunamkumbuka zaidi kwa mauaji ya Askofu James Hannington mwaka 1885 na ya wafiadini wa Namugongo mwaka 1886. Ziwa hutajwa kwa sentensi moja, pengine halitajwi kabisa. Lakini waliokuwa hai wakati ule hawakulichukulia jambo dogo. Mwanga aliwaamuru machifu wakubwa, watu wenye wake wengi na watumishi wengi, wateremke wenyewe matopeni na kuchimba. Aliyechelewa alitozwa faini. Wakuu walioheshimiwa na maelfu walionekana na watumwa wao wamepakwa udongo hadi kiunoni, kwa kazi isiyokuwa barabara ya mtu yeyote, isiyokuwa chemchemi ya kijiji chochote. Ilikuwa starehe ya mfalme.

Septemba 1888 Mwanga alipinduliwa. Sababu zilikuwa nyingi: hofu ya Wakristo na Waislamu kwamba alipanga kuwaangamiza, tamaa za vijana wenye bunduki, hesabu za siasa. Lakini uchimbaji wa ziwa uliwaweka watu wasiopatana katika shimo moja, wakiwa na chuki moja. Waislamu na Wakristo, ambao kabla ya mwisho wa mwaka huohuo walikuwa wakipigana wao kwa wao, walisimama pamoja siku hiyo dhidi ya Kabaka wao. Mwanga alirudi kutawala mwaka uliofuata, baadaye akapigana na Waingereza, akakamatwa na kupelekwa Ushelisheli, akafia huko mwaka 1903. Mwili wake ulirudishwa nyumbani mwaka 1910 na kuzikwa Kasubi. Kasubi tutaifikia.

Walichofanya Waingereza hakikuwa na kelele kama cha Mwanga, lakini kilikwenda ndani zaidi. Mkataba wa Buganda wa tarehe 10 Machi 1900 unakumbukwa kwa habari ya ardhi: maili za mraba 8,000 ziligawiwa machifu na wamiliki binafsi wapatao 1,000, ndiyo chanzo cha mfumo wa mailo unaosumbua mahakama za Uganda hadi leo. Unakumbukwa pia kwa kodi ya nyumba ya rupia 3. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mkataba huohuo ulizungumzia barabara. Kila kijiji kilitakiwa kutoa mtu mmoja kwa kila nyumba tatu kwenda kutengeneza barabara, na mtu asilazimishwe zaidi ya mwezi mmoja kwa mwaka.

Kwa macho ya mwandishi wa mkataba, huo ulikuwa uungwana: desturi ya wenyeji imehifadhiwa na hata kuwekewa kikomo. Kazi hiyo ikaitwa luwalo. Barabara zilikuwa zilezile, majembe yaleyale, machifu walewale. Lakini kile kilichoifanya bulungi bwansi ivumilike kilikuwa kimeondolewa kimyakimya. Chifu sasa alikuwa na hati ya ardhi na mshahara wa serikali. Watu wakihama, ardhi haihami. Na kule wanakohamia luwalo inawasubiri. Hakuhitaji tena kuwapendeza. Hakuhitaji kuwanywesha pombe. Siku ya kazi ilihesabiwa na karani, na asiyetokea alipelekwa barazani kujibu.

Kisha ikaja kasanvu, mbaya kuliko luwalo. Kuanzia mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne ya 20, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume kufanya kazi kwa ujira mdogo kuliko ule wa soko, kubeba mizigo na kujenga majengo ya serikali. Hiyo ilikuja juu ya luwalo, juu ya kodi, juu ya kodi ya pango kwa mwenye mailo. Mkulima wa pamba alijikuta hana miezi ya kulima pamba yake. Kasanvu ilifutwa mwaka 1922 baada ya malalamiko mengi. Luwalo iliendelea kwa miaka, na ikafika mahali mwenye fedha aliruhusiwa kulipa badala ya kutokea. Mwalimu na karani wakalipa, maskini akachimba. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, neno bulungi bwansi lilipojeruhiwa vibaya zaidi, kwa sababu maana yake yote ilikuwa kwamba chifu mdogo na mtu wake wanasimama kwenye mfereji mmoja.

Wakati huohuo, juu ya kilima cha Namirembe, umbali wa kutembea kutoka ziwa la Mwanga, watu walewale walikuwa wakijenga kwa namna nyingine kabisa. Kanisa kubwa la miti na nyasi la mwaka 1892 liliangushwa na dhoruba miaka miwili baadaye. Wakajenga jingine. Kisha wakajenga la matofali, lililokamilika mwaka 1904, na waumini walibeba udongo na matofali kichwani kupanda kilima, machifu wakiwa miongoni mwao. Radi ikaliteketeza mwaka 1910. Wakaanza tena, na kanisa tunaloliona leo likamalizika mwaka 1919. Mwaka mmoja mtu anakwepa luwalo kwa kila hila. Mwaka huohuo anabeba tofali kwa hiari hadi juu ya Namirembe. Wale waliosema Mwafrika ni mvivu wa kazi ya umma hawakutazama kilima hiki.

Kampala ilipokua, kazi ya pamoja ilibadili sura. Mji ulivuta watu kutoka kila upande: Banyankole, Basoga, Bagisu, Wanyarwanda, Wajaluo wa Kenya. Katika Kisenyi, mtaa uliochunguzwa na Aidan Southall na Peter Gutkind katika kitabu chao cha mwaka 1957 kuhusu watu wa mjini Kampala, majirani hawakuwa tena watu wa ukoo mmoja wala wa chifu mmoja. Hakuna ngoma ambayo ingewaita wote. Basi watu wakajitafutia vyama. Wajaluo waliokaa katika nyumba za wafanyakazi za Nakawa na Naguru walikuwa na vyama vya koo na vya mahali walikotoka, vikiwa chini ya mwavuli wa Luo Union. Walichanga kwa ajili ya karo, kwa ajili ya mpira, na zaidi ya yote kwa ajili ya kumpeleka maiti nyumbani Nyanza, maana kwa Mjaluo kuzikwa ugenini ni kupotea mara mbili. Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliwafukuza wafanyakazi wa Kenya kwa maelfu, na vyama vingi vya namna hiyo vikavunjika pamoja na maisha yaliyovijenga.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya giza. Falme zilikwisha kufutwa mwaka 1967, Lubiri ya Mengo ikawa kambi ya jeshi, na kuanzia 1971 Idi Amin alitawala kwa hofu. Watu hawakusanyiki kwa ajili ya chemchemi katika nchi ambayo kukusanyika kunaweza kukupotezea maisha. Naandika haya kwa Kiswahili nikijua uchungu uliomo: kwa mkazi wa Kampala wa umri fulani, lugha hii ni lugha ya kizuizi cha barabarani. Maneno ‘panda gari’ yalikuwa jina la msako wa majeshi wakati wa utawala wa pili wa Obote, pale vijana walipokusanywa na kupakiwa kwenye malori, na wengine hawakurudi.

Hata hivyo Kiswahili kilileta neno jingine pia. Baada ya majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda kuuteka mji Aprili 1979, ulianzishwa utaratibu wa nyumba kumikumi kama ule wa Tanzania, na Waganda wakauita mayumba kumi. Sukari, chumvi na sabuni viligawiwa kupitia viongozi wa nyumba kumi. Wapo walioutumia vibaya. Lakini kwa mara ya kwanza mtaa wa mjini ulikuwa na orodha ya watu wake wote, Muganda na asiye Muganda, na msingi huo ulisaidia mabaraza ya mitaa yaliyokuja baada ya Yoweri Museveni kuingia madarakani Januari 1986.

Kisha kikaja kifo cha aina mpya. Ugonjwa ulioonekana mapema miaka ya 1980 kwenye kijiji cha wavuvi cha Kasensero, Rakai, ulifika Kampala na kukaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika baadhi ya kliniki za wajawazito jijini, karibu theluthi moja ya waliopimwa walikuwa na virusi. Mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza hali yake hadharani mwaka 1989, jambo lisilosikika kabla yake, na akafariki Desemba mwaka huohuo. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, aliyempoteza mumewe, alianza kukutana na wenzake wachache waliokuwa wagonjwa au waliofiwa. Walikuwa 16. Wakaanzisha TASO, iliyokuja kuwa shirika kubwa la kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI nchini. Wengi wa wale 16 hawakuishi kuona walichokianzisha kinakua.

TASO imeandikwa sana, na inastahili. Kilichoandikwa kidogo ni daftari. Nina maana ya daftari la kawaida la shule, lenye mistari, lililokuwa mikononi mwa mweka hazina wa kila kikundi cha munno mukabi. Munno mukabi ni nusu ya methali ya Kiganda ambayo Mswahili hahitaji kutafsiriwa, kwa kuwa anayo yake: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Vikundi hivi vilikuwapo kabla ya janga, lakini miaka ya 1980 na 1990 ndiyo iliyovifanya vienee kila mtaa, Bwaise, Katwe, Kawempe, Kibuye, kwa sababu vifo vilikuja kila wiki na hakuna familia iliyoweza kuvimudu peke yake.

Utaratibu wake ni rahisi na mkali. Watu wa mtaa hujiandikisha. Huchagua mwenyekiti, omuwandiisi wa kuandika na omuwanika wa kutunza fedha. Kila mmoja hutoa kiasi kidogo kwa wiki au kwa mwezi. Fedha za mwanzo hununua sufuria kubwa, sahani, vikombe, maturubai na mabenchi, vitu ambavyo mfiwa angevikodi kwa gharama kubwa siku ambayo hana akili ya kupatana bei. Kifo kikitokea, mtu mmoja hupelekwa kushughulikia mochwari, mwingine gari, mwingine redio, maana Waganda hutangaza vifo redioni na kwa miaka mingi matangazo hayo yalisikilizwa kwa makini kuliko taarifa ya habari. Wanawake huleta kuni, maji na matoke. Wanaume huchimba kaburi, na mara nyingi kaburi haliko Kampala. Liko kwenye ardhi ya ukoo, Mpigi, Masaka au Luweero, na kikundi hupanda gari na kwenda. Asiyetokea bila sababu hutozwa faini. Asiyetokea mara nyingi, siku yake ikifika atajua uzito wa jambo hilo.

Mchango wa msiba bado unaitwa amabugo, na neno hilo ni kumbukumbu nzima ndani ya sauti chache. Lubugo ni nguo inayotengenezwa kwa gome la mti wa mutuba, ustadi ambao UNESCO iliutambua mwaka 2005. Zamani kila aliyekwenda msibani alibeba lubugo wake ili marehemu avikwe na kuzikwa nao, na wingi wa magome hayo ulionyesha wingi wa watu waliomjali. Leo watu hutoa noti za shilingi kwenye bahasha, au hutuma kwa simu. Lakini anayezipokea huandika kwenye daftari: fulani, amabugo, kiasi fulani. Fedha inaitwa nguo.

Sasa angalia hili. Hakuna chifu katika munno mukabi. Hakuna mkataba, hakuna polisi. Ipo faini, ipo lazima, hata ukali upo. Lakini mtu akichoshwa na uongozi anaweza kuondoka na kujiunga na kikundi cha mtaa wa pili. Haki ya kusenguka, ile iliyofutwa na hati za mwaka 1900, ilirudi kupitia mlango wa makaburi. Siwezi kuamini kwamba ni bahati tu kuwa vikundi hivi vimedumu kuliko karibu kila mpango wa maendeleo uliowahi kushushwa jijini kutoka juu.

Buganda ilirudishiwa ufalme mwaka 1993, na Ronald Muwenda Mutebi wa Pili akatawazwa Naggalabi, Buddo, tarehe 31 Julai. Ufalme haukurudishiwa mamlaka ya kutoza kodi. Hauna askari wa kumburuta mtu kwenye luwalo. Mengo, makao ya ufalme, ilipotaka jambo lifanyike, ilibidi iombe, na nadhani kunyimwa huko kuliisaidia kuliko ilivyokuwa tayari kukiri.

Jaribio kubwa lilikuja usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Makaburi ya Kasubi, ambako wamezikwa Muteesa wa Kwanza, Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili, yaliteketea. Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kubwa ya mviringo iliyojengwa mwaka 1882 kuwa ikulu na kugeuka kaburi miaka miwili baadaye, iliyoorodheshwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, ilikuwa majivu asubuhi. Watu walimiminika Kasubi wakilia kama wamefiwa usiku huo. Siku iliyofuata, rais alipofika, kulitokea vurugu na askari wakaua watu kwa risasi.

Charles Peter Mayiga alipokuwa Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, mwaka 2013, alianzisha uchangishaji ulioitwa Ettoffaali, yaani tofali. Alizunguka saza kwa saza, na akaenda pia kwa Waganda walio ng’ambo. Watu walileta fedha. Wasio na fedha walileta mazao. Serikali ya Uganda ilichangia, Japani ilichangia kupitia UNESCO. Lakini nyumba ya Kasubi haijengwi kwa fedha peke yake. Paa lake lina pete 52 kwa hesabu ya koo 52 za Buganda, na kila kazi ina wenyewe: kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, kupamba ni kazi ya ukoo wa Ngo. Mzee wa Ngeye hakuajiriwa kwa zabuni. Aliitwa kwa sababu babu zake ndio walioezeka. Kazi ilichukua miaka mingi, na wapo waliolalamika kwamba ilikwenda polepole mno. Septemba 2023, katika kikao cha Riyadh, Kasubi iliondolewa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini.

Kuna jambo lililonigusa kuliko hata paa hilo. Siku hizi watu wa masaza hufika Bulange, Mengo, kwa zamu, wakiwa wamevaa kanzu na gomesi, wakileta michango yao kwa ufalme. Michango hiyo inaitwa oluwalo. Ndiyo, neno lilelile. Jina la kazi ambayo babu zao waliikimbia msituni, sasa mtu hupanda basi kutoka Buddu na kujipigia picha akiitoa. Sijui kama kuna kabila jingine lililolichukua neno la utumwa wake likalifua mpaka likawa nguo ya sikukuu.

Kila tarehe 8 Oktoba, siku ambayo Buganda ilijitoa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1962, siku moja kabla ya uhuru wa Uganda, ufalme huadhimisha siku ya bulungi bwansi. Watu hufyeka, huzibua mifereji, husafisha chemchemi na masoko. Ukiwa Kampala au wilaya za jirani siku hiyo, usipite tu. Waganda wana salamu ambayo ni shukrani kwa mtu aliye kazini, nao huitumia hata kwa asiyemfahamu: gyebaleko ssebo kwa mwanamume, gyebaleko nnyabo kwa mwanamke. Asante kwa kazi. Wasalimie hivyo, kisha uombe jembe. Mifereji ya Bwaise ni mingi, na mvua za Oktoba hazichelewi.